"Utazoea tu, dada": alaimenti ya gari langu hapa Arusha

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo pokeeni hivyo hivyo.

Gari langu ni Eunos Roadster ya 1994, ile Mazda ndogo ya viti viwili na taa za kuchomoza ambayo nje ya Japani inaitwa MX-5. Mwenye shida na habari za injini atafute mwenyewe. Mimi nina neno na tairi za nyuma, na bwana mmoja wa kaunta kwenye kituo cha wili alaimenti, yaani kunyoosha uelekeo wa tairi, ambacho sitakitaja.

Dalili zilianza kabla ya mvua. Barabara ya Moshi, kwenye matuta ya Maji ya Chai, nikikanyaga breki mkia unacheza. Usukani nao, ili gari linyooke, lazima niushikilie umelalia kushoto. Shemeji yangu alikuwa nyuma yangu siku hiyo, tulipofika akaniambia, "Gari yako inaenda ubavuubavu, muda wote naona mlango wa kulia." Nikapitisha kiganja kwenye tairi la nyuma kushoto. Upande wa ndani umelika, na mpira unakwaruza ukivuta mkono huku, ukirudisha unateleza. Kemba, yaani tairi kulalia ndani au nje, peke yake haili tairi hivyo. Kemba mbaya inakuachia upande mmoja kipara laini. Ukali wa namna ile ni wa tairi linaloburutwa huku limetazama pembeni.

Nikamweleza yote hayo yule bwana. Hakuinua macho kwenye simu. "Dada, nyuma huwa hakurekebishwi. Alaimenti ni ya mbele."

Kwa IST na Vitz yuko sahihi, kule nyuma ni kipande kimoja cha chuma, hakuna cha kuzungusha. Mji umejaa hizo, nadhani ndizo zilizomfundisha kazi. Lakini Roadster ina kontroli amu, mikono ya chuma inayoshikilia tairi, za juu na za chini kila kona, na kila amu ya chini ya nyuma ina bolti mbili za kurekebishia. Ukizizungusha, tairi linasogea. Zina mistari ya alama kabisa. Nikawasha tochi ya simu nimwonyeshe. Hakuinama.

Kijana wa mashine, maskini, alifunga sahani kwenye rimu zote nne vizuri tu. Akaandika Eunos kwenye kompyuta, haikutokea. Bosi akasema toka kwenye kiti: "Weka Demio, zote si Mazda?" Nikacheka, nikijua ni utani. Wakaweka Demio! Wakahangaika na mbele mpaka namba zikawa kijani, yaani ndani ya vipimo. Kijani cha Demio, gari linalovutwa na tairi za mbele, wakati langu linasukumwa na za nyuma. Karatasi ikatoka, na kwa vipimo hivyo hivyo vya kuazima, nyuma kushoto nyekundu tupu.

"Na hii nyekundu?"

"Hiyo ni rangi tu."

"Na usukani mbona bado umelala?"

"Utazoea tu, dada."

Elfu arobaini. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nayo ilitoka kwa kuvutana, mpaka nilipotaja TRA kwa sauti ya kusikika na waliokuwa kwenye foleni.

Naomba nilielezee hili, maana ndilo linaloniuma kuliko pesa. Tairi la nyuma likitazama nje, linaupeleka mkia upande wake na pua inakwenda upande wa pili. Dereva anakata usukani kidogo kufidia, na ndiyo ule ulalo wa kushoto. Hata unyooshe mbele mpaka kesho, gari linafuata nyuma yake. Anayejua alaimenti anaanza nyuma, akimaliza ndipo anaileta mbele ifuate. Huyu anataka nizoee! Nizoee kununua tairi kila mvua?

Nikaenda kwa mzee mmoja Unga Limited, ua uliojaa magari yanayosubiri mazishi yao wenyewe. Shikamoo, marahaba mwanangu, na kabla sijamaliza kueleza kashapima upepo. Akanyanyua gari, akatikisa kila tairi juu na chini kusikiliza bearingi. Nzima. Akaingiza mtaimbo kwenye bushi, ile mipira ya maungio, za amu ya nyuma kushoto, akaubinya, amu ikahama yenyewe. "Umeona? Hata mashine ikikupa kijani hapa, ukikanyaga breki inarudi nyekundu." Akashusha gari, akalisukuma mbele na nyuma lijikalie, akafunga uzi wa kujengea kwenye kreti za soda, huku na huku, usawa wa katikati ya rimu. Kwenye ekseli ya mbele uzi aliuacha mbali kidogo zaidi, maana nyuma ya gari hili ni pana kuliko mbele. Kisha rula ya chuma. Rimu ya kushoto, ukingo wa mbele ulikuwa karibu na uzi kuliko ukingo wa nyuma kwa milimita nne. Kiwanda kinataka zitazame ndani kidogo. Yangu ilikuwa inachungulia nje.

Bolti ya kurekebishia ilikataa kuzunguka. Gari lilikula chumvi ya barabara za theluji huko Japani, kutu imeishika bolti kwenye bomba la bushi. Akamwagia mafuta ikalala, akaichoma moto, mwisho akaikata kwa grenda. Bushi na bolti zikaja kwa basi toka Dar. Na hakukaza likiwa juu ya jeki, alilishusha kwanza likae na uzito wake, kwa sababu ukikaza likiwa hewani mpira wa bushi unabaki umejinyonga na kuchanika mapema. Nilitamani bwana wa kaunta awepo aone.

Halafu mzee huyo huyo akaniudhi. "Uzi umenipa uelekeo. Kemba kapime kwenye mashine."

"Mashine ipi, mzee?"

"Ile ile. Mashine haina kosa."

Nikaenda asubuhi nimenuna. Kijana alikuwa peke yake. Akatafuta MX-5, ikatokea. Akaanza nyuma bila kuambiwa, akazungusha zile bolti, akamalizia mbele. Karatasi kijani chote, usukani umenyooka, na hadi Usa River mkia umetulia. Kwa hiyo nafuta nilichokuja kusema, kwamba msikanyage pale. Sijaona kipimo kizuri zaidi mjini hapa.

Wakati nalipa, bosi akaingia, akaitazama karatasi, akatabasamu. "Si nilikuambia, dada, tatizo lako ni la nyuma?" Na akachukua elfu arobaini nyingine, kamili.

Basi narudisha nilichofuta. Mkilazimika kwenda, nendeni mapema. Kijana anafungua saa mbili, bosi anaingia karibu saa nne, na akishakaa kwenye kile kiti, hata Land Cruiser itakuwa Demio.