Masika mawili na Kawai RX-2 yangu hapa Upanga

Kwa miaka mingi nimefundisha piano nyumbani kwangu Upanga kwa kutumia piano ya kusimama ya Kiingereza, nzee kuliko mimi. Kila ikifika Aprili ilikuwa inanitesa. Mtoto anabonyeza kitufe, kinashuka, hakirudi. Nakiinua kwa kidole, tunaendelea na somo. Kwa hiyo nilipopiga moyo konde kununua piano kubwa, ile ya kulala, cha kwanza nilichouliza ni kama itaustahimili unyevu wa Dar. Sauti na jina vilifuata baadaye.

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa Kawai, kampuni ya piano ya Japani. Kati ya kitufe na nyundo inayogonga nyuzi kuna mtambo wa vipande vidogo vidogo. Watengenezaji wengi huvichonga kwa mbao, na mbao hunywa unyevu zikavimba. Kawai walianza zamani kutengeneza baadhi ya vipande hivyo kwa plastiki ngumu ya ABS, kisha wakaiongezea kaboni. Wapo wapigaji wasiotaka hata kusikia habari ya plastiki ndani ya piano. Ninawaelewa, lakini mimi nimehangaika na vitufe vilivyokwama mbele ya watoto wa watu, na sikutaka tena.

Nilijaribu pia Yamaha C3, ndefu kidogo, sentimita 186 kwa 178 za RX-2. Ni piano nzuri sana, na kampuni zote mbili zimezaliwa mji mmoja, Hamamatsu. Koichi Kawai alifanya kazi kwa Torakusu Yamaha kabla ya kuanzisha karakana yake mwaka 1927. Ila sauti ya ile C3 niliyoijaribu inang'aa. Kwenye ukumbi mkubwa ingenifurahisha. Sebule yangu ina vigae chini na kuta za saruji, na noti za juu zingetoboa masikio. Kawai ina sauti ya mviringo, nzito kule chini, na ukipiga polepole inakusikiliza.

Niliagiza RX-2 iliyotumika, ya mwaka 2008. Japani zipo nyingi: familia zilinunulia watoto piano, watoto wakakua wakaondoka, piano zikabaki zimefunikwa kitambaa. Utaratibu hautofautiani sana na wa kuagiza gari. Bei ya kwanza unayoonyeshwa ni ya piano ikiwa bado kule. Ongeza meli, kodi, wakala na usafiri wa mjini. Mpaka inafika mlangoni nilikuwa nimelipa zaidi ya bei ya Toyota IST nzuri. Omba namba iliyochapwa kwenye chuma ndani, maana ndiyo inayoonyesha mwaka iliyotengenezwa. Omba pia picha za nyundo kwa karibu, na hakikisha mbao za kasha la kusafirishia zina mhuri wa kutibiwa dhidi ya wadudu.

Hilo la nyundo nalisema kwa uchungu. Muuzaji aliniandikia kwamba zimeshachongwa upya, nami nikamwamini. Piano ilipofika, wanaume wanane waliibeba imelazwa ubavu, miguu imefunguliwa, imefungwa mikanda kwenye ubao. Ina zaidi ya kilo 300. Baada ya wiki tatu, ilipokwisha kuzoea hewa ya nyumba, fundi alikuja, akavuta mtambo wote nje kama mtu anayetoa droo kabatini. "Mwalimu, njoo uone." Kwenye nyundo za juu, ile sufu iliyoshindiliwa ilikuwa na mifereji mitatu mitatu, mirefu, sawasawa na nafasi za nyuzi. Nilipitisha ukucha, ukazama. Ndiyo maana noti zile zilikuwa zinalia kama bati. Muuzaji nilimwandikia mara tatu; alijibu mara moja, kwamba picha nilizoziona zilitosha. Fundi alikaa siku nzima na msasa, nyundo moja moja, akirudisha umbo la yai. Gharama ilikuwa yangu. Lakini jioni ile alipourudisha mtambo nikapiga noti za juu, nilinyamaza. Ilikuwa piano nyingine.

Sasa masika. Nimepita mawili, na hakuna kitufe kilichokwama hata siku moja. Hata hivyo, plastiki haimalizi kila kitu. Ubao wa sauti, ule unaokuza mlio wa nyuzi, ni wa mbao, na vitufe vyenyewe ni vya mbao. Mvua zikikolea, ubao unavimba na sauti inapanda. Noti za katikati zinapanda kuliko za chini, na unasikia mkwaruzano ukipiga oktava, yaani noti moja ya chini na ya juu kwa pamoja. Mwaka wa kwanza niliityuni, yaani kurekebisha mkazo wa nyuzi, mara nne, sasa mara mbili au tatu. Nina kipimo cha unyevu cha bei ndogo juu ya rafu. Asubuhi moja ya Aprili kilisoma asilimia 81, na tangu hapo nikanunua mashine ya kukausha hewa. Kila jioni namwaga ndoo ya maji iliyovuta kutoka hewani, na kila nikiibeba nawaza kwamba maji haya yote yangeingia kwenye piano.

Dirisha la upande wa bahari nimelifunga, kwa sababu hewa ya chumvi hula nyuzi. Kiyoyozi hakipulizi kuelekea kwenye piano. Mchwa nakagua kila mwezi, chini ya miguu na nyuma ya ukuta.

Kama huna fundi unayemwamini, tafuta fundi kwanza, piano baadaye. Na kama unakaa nyumba ya kupanga unayoweza kuihama mwakani, nunua piano nzuri ya kusimama. Kuhamisha hii ni kazi.

Jumamosi iliyopita mwanafunzi wangu wa miaka tisa, aliyeanzia kwenye ile nzee, alibonyeza noti ya chini kabisa, akakanyaga pedali ya kulia, akaegemeza sikio ubavuni mwa piano. Alikaa hivyo mpaka sauti ikaisha yenyewe. Kisha akaniomba airudie.