Vifaa vya kukagulia meno na fizi: pesa yako iende wapi kwanza

Anayefungua chumba cha meno hapa Mombasa, awe Kisauni au Likoni, huanza na kiti. Kiti, taa, kompresa, otoklevu (mashine ya kuua viini kwa mvuke). Pesa zikishakatika ndipo anapokumbuka vifaa vya mkononi, basi anachukua boksi la bei ya chini lenye kila kitu ndani. Nami nilifanya vivyo hivyo. Mwaka haujaisha, nusu ya boksi ilishika vidoa vya kutu, na kwenye vioo vyake kila gego lilionekana lina pacha.

Siku hizi nikiulizwa nianzie wapi, hujibu: kioo. Hapo usibane mkono. Sehemu kubwa ya kinywa huioni ila kupitia kioo, na kikidanganya, vingine vyote vinafuata uongo wake. Vipo vya namna mbili. Kimoja kimepakwa utando wa kuakisi juu, mara nyingi wa metali ya rodi (rhodium). Kingine utando umekaa nyuma, na mwanga hulazimika kupenya kioo kwanza, ndiyo maana kinatoa taswira mbili zilizopandana. Kuvitofautisha dukani ni kazi ya sekunde: sogeza ncha ya penseli taratibu hadi iguse. Ikikutana na kivuli chake, utando uko juu. Ikibaki nafasi katikati, uko nyuma, kirudishe. Nambari 4 yenye kipenyo cha milimita 22 inafaa vinywa vingi. Nambari 5 ni milimita 24. Angalia pia skrubu ya shingo, kwani zipo za namna mbili zisizoingiliana, na utajikuta una vichwa kumi na mipini kumi visivyooana. Utando wa juu hukwaruzika upesi, kwa hivyo usivirundike na vyuma vingine kwenye karai la kuoshea. Vya plastiki vya kutupa niachie kwa siku ya kwenda kupima watoto shuleni.

Cha pili ni probu ya fizi, kijiti chembamba cha kupimia kina cha mfuko ulio kati ya jino na ufizi, na hapa ndipo wengi huchukua yoyote inayoletwa. Mimi naweka mbele ile ya Shirika la Afya Duniani, yenye kijitufe cha nusu milimita nchani na utepe mweusi kutoka milimita 3.5 hadi 5.5. Utepe ukionekana wote, mfuko wa ufizi haujafika 3.5; ukizama wote, umepita 5.5, na hapo mgonjwa anahitaji mazungumzo marefu. Kijitufe nacho hunasa ugaga uliojificha chini ya ufizi. Ukiwa unaandika vipimo vya kila jino, ongeza probu ya UNC-15, yenye alama ya kila milimita hadi 15. Probu ya Williams naishusha nafasi ya tatu: alama zake zinaruka milimita 4 na 6, na 4 ndiyo namba unayoitafuta. Ile iliyopinda ya Nabers, ya kupimia pale mizizi ya magego inapogawanyika, inaweza kungoja. Chagua alama zilizochongwa, rangi hufifia. Ukishanunua, ibonyeze juu ya mizani ya jikoni mpaka ujue gramu 25 zinavyohisi mkononi. Wengi hushtuka kuona wanavyosukuma kwa nguvu.

Eksplora, chuma chenye ncha kali cha kuchunguzia uso wa jino, sina mengi ya kusema. Ndoano ya nambari 23 yatosha, na ya bei ya wastani itakufaa, maadamu hutaichokoza kwenye doa jeupe la jino linaloanza kuoza. Ncha kali hutoboa pale ambapo floridi ingeweza kupaponya. Kibano nacho: ncha zikutane sawasawa, basi.

Sasa chuma chenyewe. Wauzaji wengine watakutolea sumaku: "Daktari, ona, haishiki, hii ndiyo original." Usibabaike. Chuma kigumu kinachotengenezewa ncha za vifaa hivi, mfano aina ya 420, hushika sumaku hata kikiwa bora. Wala mhuri wa nchi peke yake hautoshi. Vifaa vingi vya dunia hutoka Sialkot, Pakistan, na huko kuna karakana safi na kuna za ovyo.

Adui wetu wa pwani ni chumvi. Maji ya kisima hapa yana munyu, na ukiyatumia kusuuza ama kujaza otoklevu, chuma kinaanza kuliwa vishimo vidogo vidogo. Jik, ile dawa ya klorini, ni hivyo hivyo. Kulaza vifaa humo usiku kucha ni kuvizika. Nunua maji yaliyotoneshwa, na kausha kabla ya kufungasha.

Mpini uwe mnene kiasi, kama milimita 10, na mwepesi wa ndani tupu, maana ule mwembamba kama kalamu ya risasi huuma vidole ifikapo saa nane mchana.

Seti ngapi? Hesabu wagonjwa wanaopita wakati otoklevu moja inaendelea, pamoja na kukauka na kupoa, kisha zidisha mara mbili. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko utanikumbuka.

Muulize muuzaji kama bidhaa imesajiliwa na Pharmacy and Poisons Board, bodi ya Kenya inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, na udai risiti. Halafu chukua kimoja kimoja tu, upitishe kila kimoja kwenye otoklevu mara tatu kwa nyuzi 134, kisha ukitazame shingoni na kwenye maungio chini ya taa. Kikitoka safi, rudi ukaagize kumi.