Kabla hujanunua sarafu ya dhahabu Mbeya, geuza utazame ukingo

Mwaka juzi nilinunua pauni ya dhahabu kwa sonara mmoja hapa Mbeya mjini. Ni ile ambayo Waingereza wanaiita Sovereign: upande mmoja Mfalme George wa Tano, upande wa pili mpanda farasi na joka, mwaka 1928, na juu ya tarakimu za mwaka kuna herufi ndogo SA, kwa kuwa ilipigwa Pretoria, Afrika Kusini. Sonara aliiweka kwenye mzani, ikasoma gramu 8.06. "Dada, hii imezidi, una bahati," akaniambia, kisha akanitajia bei ya sarafu adimu, siyo bei ya gramu. Nikalipa, nikatoka nikiwa na furaha.

Pauni haizidi, ndugu zangu. Hutoka kiwandani na gramu 7.988, na ikishapita mikononi mwa watu inapungua tu. Waingereza wenyewe waliweka kikomo: ikishuka chini ya gramu 7.938 si fedha halali tena. Kwa hiyo ikizidi, kuna kitu kimeongezwa. Mimi nilikuja kukijua nilipoipeleka Dar es Salaam kwa mzee mmoja anayekusanya sarafu. Hakuangalia uso wa Mfalme wala mwaka. Aliishika kwa vidole viwili, akaisimamisha kwa ukingo, akaizungusha taratibu chini ya kioo cha kukuza mpaka juu ya kichwa cha Mfalme, akatulia hapo. Vijino vya ukingo, vinavyotakiwa kuwa wazi kama meno ya kitana, vilikuwa vimezibwa kwa urefu wa punje ya mchele. "Binti yangu," akasema, "hii ilikuwa kidani."

Mtu aliichomelea kipete aning'inize kwenye cheni, mwingine akaja kukikata na kusugua pale palipobaki. Lehemu iliyosalia ndiyo ile gramu 0.07 niliyoambiwa ni bahati.

Hili ndilo ninalotaka likae kichwani mwako. Sarafu ya dhahabu ina bei mbili ndani yake: ya madini, na ya sarafu yenyewe kwa anayekusanya. Ikishachomelewa, ya pili imekufa, hata uso ungekuwa unang'aa namna gani. Sarafu nyingi za zamani zilivaliwa shingoni, wajukuu wanaziuza, na sonara anazipanga kwenye kabati nyuso zikitazama juu. Ukingo hauuoni mpaka uombe.

Basi omba. Nenda mchana, simama mlangoni penye mwanga wa jua, azima kioo cha mara kumi, kila sonara anacho. Anza juu ya kichwa, maana kipete huwekwa pale ili uso ukae wima, kisha uzungushe mpaka urudi ulipoanzia, kwa sababu zilizotumika kwenye bangili huwa na alama mbili zinazotazamana. Pitisha ukucha. Vijino vizima vinakwaruza mfululizo. Kwenye lehemu ukucha unateleza. Rangi nayo hubadilika kidogo, hupauka au huingia umanjano. Muuzaji wa kwenye simu akikutumia picha mbili, mwombe ya tatu, ya ukingo. Akikuzungusha, achana naye.

Jaribio jingine nalifanya jikoni. Weka kikombe cha maji kwenye mzani mdogo wa dijitali, urudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza pauni kwa uzi izame bila kugusa chini. Mzani utasoma kama gramu 0.45. Ukisoma 0.9, umeuziwa shaba nyeupe au shaba nyekundu iliyopakwa rangi ya dhahabu.

Sasa mpangilio wangu wa sarafu za kununua, na sifichi ninayempenda: Krugerrand ya Afrika Kusini. Imetengenezwa tangu 1967, na kila sonara anayeijua dhahabu anaijua. Ina karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu, na sehemu iliyobaki ni shaba, ndiyo maana ina wekundu fulani na ni ngumu. Maple Leaf ya Kanada ni dhahabu tupu, 999.9 kwa elfu, nzuri kwa macho, lakini ni laini, ukiitia mfuko mmoja na wenzake inarudi na mikwaruzo. Krugerrand inavumilia. Haina thamani ya fedha iliyoandikwa juu yake, imeandikwa dhahabu iliyomo tu, hivyo hakuna wa kukuchanganya na maneno. Ile kubwa ina wakia moja kamili ya dhahabu, gramu 31.1 (wakia ya dhahabu si ile ya gramu 28 ya kwenye vyakula), na uzito wake wote ni gramu 33.93. Kwa mtu wa kawaida nashauri ya robo wakia, ambayo ipo tangu 1980: gramu 8.48, upana milimita 22. Siku ya shida unauza moja, hulazimiki kuuza akiba yote. Na huku kwetu, mtu anayerudi kutoka Johannesburg kupitia Tunduma hakosekani katika ukoo.

Ya pili ni pauni, licha ya yote. Dhahabu iliyomo ni gramu 7.32. Ila ujue za Pretoria za 1925 hadi 1932 zipo nyingi mno duniani, bei yake inatakiwa itembee karibu na bei ya dhahabu. Adimu ni za 1923 na 1924. Mimi niliuziwa ya 1928 kama adimu, na hilo bado linaniuma kuliko lehemu.

Ya tatu ni duma wetu, shilingi 1,500 ya Tanzania ya 1974, iliyotolewa kwa ajili ya hifadhi ya wanyama, upande wa pili Mwalimu Nyerere. Gramu 33.437, dhahabu 900 kwa elfu, yaani gramu 30 za dhahabu safi. Hapa bei zote mbili ni za kweli, lakini kuipata ni kazi. Ndugu zake wa madini ya fedha ni twiga wa shilingi 25 na faru wa shilingi 50. Hao walitoka kwa aina mbili, fedha 500 na fedha 925, kwa hiyo uliza ni ipi kabla ya kutaja bei.

Tembo wa Tabora naiweka ya nne kwa shingo upande, maana ni sarafu nzuri kuliko zote hizi. Wajerumani waliipiga 1916 kwenye karakana ya reli, vita imewafungia njia za baharini, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Rupia 15. Lakini ni dhahabu 750 tu, haifiki gramu 5.4 za madini, na bei yake ni ya mkusanyaji mara nyingi zaidi. Za bandia zimejaa. Usiinunue kama akiba.

Shilingi za simba za mkoloni: hadi 1946 ni robo fedha, kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Mnunulie mtoto.

Mnaniuliza pia kwa nini nisichukue dhahabu ya Chunya, ipo hapo jirani. Dhahabu ghafi bila leseni ni kosa kisheria, na tangu 2019 masoko ya madini yapo kwa kazi hiyo. Wanaokufuata stendi na kijiko cha unga wa njano, au na rupia "aliyozika Mjerumani" Iringa, wapishe.

Kinachonikera zaidi ni siku ya kuuza. Hakuna risiti iliyoandika mwaka wala karati. Usiporuka haraka, sonara ameshashika tupa aikwangue ukingoni apate cha kupima kwa tindikali, akauharibu ukingo mzima kwa mkono wake. Mwambie apime kwa maji.

Nilirudi na pauni yangu kwenye duka lile lile. Aliitupia jicho, akaigeuza ukingo bila kuambiwa, akasema ataichukua kwa bei ya chakavu, gramu 7.9. Nikamkumbusha kuwa aliniuzia 8.06. "Dada, hapo kuna lehemu," akasema.