Mkeka wa mbao nilioutandika mwenyewe: uzoefu wangu

Kwa chumba cha kulala na sebule, ningeununua tena kesho. Jikoni siutandiki hata nikipewa bure. Mimi ni mpangaji wa nyumba ya chini huku Kisauni, Mombasa, na kabla ya hapo kazi yangu kubwa ya ufundi ilikuwa kupigilia msumari wa kutundikia saa.

Mbao hamna humo. Ni plastiki ya PVC iliyochapwa picha ya mbao, na juu yake kuna tabaka la uwazi linalobeba mikwaruzo yote ya miguu na viti. Dukani niliwekewa aina tatu. Wa kwanza mwembamba kama kitambaa cha meza, na bei yake inatia tamaa, lakini kila punje ya mchanga iliyo chini yake utaiona juu. Wa tatu ni vipande vigumu vya kubana kimoja kwa kingine, vizuri sana, ila bei yake ilinizidi kimo na vinataka sakafu iliyolala sawasawa. Nikachukua wa katikati: milimita mbili, chini umeshikwa na kitambaa kizito. Kwa mtu anayejifunza, huo ndio wa kuanzia, maana haukunjiki ovyo na husamehe vijidosari vidogo vya sakafu.

Kabla hujalipa, chora chumba kwenye karatasi. Jora lina upana wa mita mbili, na changu ni chumba cha mita 3 kwa 3.5. Muuzaji alitaka kunikatia vipande viwili vya mita 3.6, yaani mita za mraba 14.4. Nikamwambia tuugeuze: vipande viwili vya mita 3.1 vinafunika chumba kilekile kwa mita za mraba 12.4. Mita mbili za mraba zimebaki mfukoni kwa sababu ya penseli tu. Ila angalia na mchoro wenyewe. Ukiwa wa mbao zinazopishana, ongeza urefu kidogo ili mistari ikutane kwenye mshono. Mimi mshono wangu niliupangia uangukie chini ya kitanda, mbali na mlango.

Sasa sakafu, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Nilibandika kipande cha nailoni juu ya simiti, kingo zote nikazifunga kwa selotepu, nikakiacha usiku kucha na mchana wake. Katikati ya chumba palikuwa pakavu. Pembeni mwa ukuta wa bafu, matone chini ya nailoni na simiti imebadilika rangi. Bomba lilikuwa linavuja ndani ya ukuta. Ningebandika juu ya maji yale, gundi ingeachia na ukungu ungeanza kunuka kabla ya masika kwisha. Mwenye nyumba alileta fundi wa bomba, nami nikasubiri mpaka nailoni ya pili ikatoka kavu. Wauzaji hawakwambii habari ya unyevu, na pwani hii ndiyo habari kubwa kuliko rangi ya mkeka.

Baada ya hapo ni kukwangua matone ya rangi ya zamani, kuziba nyufa, kupiga msasa, kufagia, kupangusa kwa tambara bichi, na kusubiri pakauke tena. Inachosha na haina cha kupigia picha.

Mkeka wenyewe niliutandaza chumbani ulale usiku mzima, upoteze ile tabia ya kutaka kujiviringisha. Kila upande niliuacha ukwee ukutani sentimita chache, nikaukandamiza pembeni, ndipo nikakata kwa kisu cha wembe mpya. Wembe butu huuchana. Penye fremu ya mlango nilikata gazeti kwanza, likakaa sawa, ndipo nikalifuata.

Gundi: dukani wanasukuma ile ya manjano yenye harufu kali. Hiyo ikishagusana haitaki kusogezwa, na mvuke wake unashika moto. Mimi nilitumia nyeupe ya maji, nikaipaka kwa mwiko wenye meno nusu chumba kwa wakati. Ndoo imeandikwa muda wa kusubiri, lakini kwa joto letu la jasho gundi ilichelewa kushika kuliko maandishi, kwa hiyo niliisikiliza kwa kidole. Hewa niliitoa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kifimbo cha kusukumia chapati kilichofungwa taulo. Shemeji yangu hajanidai kifimbo chake hadi leo.

Mshono ndio unaowatisha watu, na ndio rahisi kuliko vyote. Pale pa mshono usipake gundi mwanzo. Pandisha kipande juu ya kingine sentimita tatu hivi, mchoro ukilingana, weka rula ya chuma, kata vyote viwili kwa mkato mmoja. Toa mabaki ya juu na ya chini, paka gundi, bana. Vimetoshana vyenyewe.

Masika yamepita na mkeka umeshika. Vumbi la simiti limekwisha, na kupiga deki ni kitambaa kilichokamuliwa tu; maji mengi yasituame kwenye mshono. Miguu ya kitanda imeacha vishimo, hilo nalihesabu kasoro, na dirishani penye jua la asubuhi rangi imeanza kufifia. Zulia lenye mgongo wa mpira usiliweke juu yake, mpira huacha doa la manjano lisilotoka kwa sabuni yoyote. Jikoni nimeshasema: jirani yangu kaa moja la jiko lilimtobolea tundu.

Gharama zisizotajwa, yaani gundi, mwiko, nyembe, msasa na utepe wa alumini wa mlangoni, zilifika karibu theluthi ya bei ya mkeka. Na ukishagundishwa, haubebeki ukihama. Mwenye nyumba amekuja kuutazama, akauliza kama nitamwachia. Nimemjibu tuanze na mazungumzo ya kodi.