Kuongeza pleti kwenye springi za nyuma za pikapu ya zamani: uzoefu wangu Tabora

Pikapu yangu ni ya Kijapani, ya mwaka 1996, na kazi yake kubwa ni kubeba asali kutoka Sikonge hadi Tabora mjini. Wengi hukadiria mzigo wa asali kwa macho na kukosea, kwa sababu ndoo ya lita 20, ambayo ikijaa maji huwa na kilo 20, ikijaa asali hukaribia kilo 28. Ndoo 30 tu zinafikisha zaidi ya kilo 800. Kwa mzigo huo gari lilikuwa likilala nyuma kiasi kwamba ekseli iligonga raba za chasi katika kila shimo, taa zikamulika matawi ya miyombo badala ya barabara, na usukani ukawa mwepesi kupita kiasi.

Karibu kila dereva alinishauri ninunue shokapu mpya. Sikukubali, maana shokapu za kawaida hazibebi uzito, bali hutuliza mdundo wa springi. Wengine walipendekeza springi zikunjwe upya kwa nyundo. Njia hiyo ni rahisi na hurudisha umbo, lakini chuma kilichochoka, kisipopashwa moto na kupozwa kwa utaratibu wake, hakipati nguvu mpya na hulala tena mapema. Vipande vya raba ngumu kati ya chasi na ekseli nilivikataa kabisa, kwa kuwa huelekeza pigo lote mahali pamoja, na chasi ya umri huu si ya kufanyiwa majaribio.

Fundi springi niliyemwendea hapa mjini hakushika spana kwanza. Alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote mbili, gari likiwa tupu kwenye sakafu tambarare, akaona upande wa kulia uko chini. Springi zilipofunguliwa sababu ikajitokeza: pleti ya tatu ya kulia (pleti ni mabamba ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine kuunda springi) ilikuwa na ufa kwenye tundu la senta bolti, ile ya katikati inayozishika pamoja, sehemu kubwa ya ufa huo ikiwa nyeusi kwa kutu na ukingo mdogo tu uking'aa, dalili kwamba ulikuwa ukiongezeka taratibu. Ncha za pleti fupi nazo zilikuwa zimechimba vifereji kwenye pleti za juu yake.

Alibadilisha pleti iliyopasuka, akaongeza nyingine moja kila upande, akaweka bushi mpya, yaani raba za kwenye ncha za springi, pamoja na yubolti mpya, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, kwani yubolti za zamani zikishavutika hazishiki tena sawasawa. Bolti za bushi hakuzikaza hadi gari liliposhushwa likasimama kwa uzito wake, ili raba zisibaki zimejipinda wakati wote. Kwa hilo peke yake ningemrudia.

Lawama yangu ni kwenye breki. Pikapu hii ina fimbo ya chuma inayounganisha ekseli na vali ya breki za nyuma. Nyuma ikiinuliwa, vali huchukulia gari kuwa tupu na kupunguza nguvu ya breki hizo hata kama limejaa. Fundi hakuigusa hadi nilipomuuliza. Aliirekebisha bila kuongeza bei, lakini mteja asiyejua angeondoka hivyo hivyo.

Gharama yote haikufika nusu ya bei ya seti mpya ya springi. Likiwa na mzigo, gari sasa linakaa karibu sawa mbele na nyuma na halibamizi tena. Likiwa tupu ni gumu, hasa kwenye rasta (matuta madogo ya kupunguza mwendo) na barabara za vumbi zenye mawimbi, ambako nyuma hurukaruka na kuteleza kidogo kwenye kona, kwa hiyo huko napunguza mwendo. Mzigo sijauongeza: ekseli, breki na tairi ni zilezile, na pleti ya ziada haibadilishi uzito ulioruhusiwa na mtengenezaji. Baada ya safari za mwanzo nilirudi ili yubolti zikazwe kama fundi alivyoagiza, na zile za kulia zilipokea karibu robo ya mzunguko.