Nyavu za sangara madukani Mwanza: hesabu plai, kisha pima gramu

Anayetega sangara kwa wavu wenye jicho (tundu) la inchi 6 au 7 anunue nailoni ya 210/9, namba ya unene wa uzi iliyo kwenye lebo. Ya 210/6 huvua vizuri, pengine vizuri zaidi, kwa sababu uzi mwembamba ni laini na samaki hauoni upesi, lakini siku ukipita kwenye mawe au ukikutana na sangara wa kilo nyingi utashinda unashona. Ya 210/12 ni ngumu kukatika, ila ni nene, nzito mkononi, na kwenye maji maangavu huonekana. Timba, wavu wa uzi mmoja usiosokotwa, tutaifikia, na hukumu yake ni fupi.

Shida ya madukani, kuanzia Mwaloni Kirumba hadi maduka ya katikati ya mji, si aina ya nyavu. Aina zipo. Shida ni kwamba mnunuzi husoma lebo, akabonyeza wavu kwa vidole viwili, akalipa. Lebo ya 210/9 inasema mambo mawili yanayopimika, na yote mawili unaweza kuyahakiki ukiwa umesimama hapo hapo kaunta.

210 ni denia: gramu za uzi mmoja wenye urefu wa mita 9,000. Namba ya pili, 9, ni plai, yaani idadi ya nyuzi hizo zilizosokotwa pamoja. Zidisha upate 1,890, gawanya kwa 9 (ile ya mita 9,000, si ya plai), unapata gramu 210 kwa kila mita 1,000 kabla ya kusokota. Kusokota hufupisha uzi, kwa hiyo uzi uliokamilika hufika kama gramu 230 kwa mita 1,000. Kwa njia hiyo hiyo 210/6 huwa kama gramu 155, na 210/12 kama 310. Shika namba hizi tatu, ndizo zitakazokulinda.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu plai. Muombe muuzaji kipande cha uzi wa wavu wenyewe kinachoning'inia, si cha safu nene ya ukingo, sentimita 10 zinatosha. Kizungushe kinyume na msokoto wake mpaka kifunguke. Uzi wa 210/9 hufunguka kwanza kuwa misokoto mitatu, na kila msokoto una nyuzi tatu. Wa 210/6 una misokoto mitatu ya nyuzi mbili mbili, wa 210/12 mitatu ya nyuzi nne nne. Ukikuta msokoto mmoja una nyuzi mbili na mingine tatu, huo ni plai 8, na bei iwe ya plai 8. Usichanganye nyuzi na vijinyuzi: kila uzi wa 210 wenyewe una vijinyuzi vingi vyembamba kuliko unywele, na ukiendelea kupekua utajikuta na rundo usiloweza kulihesabu. Simama kwenye tisa.

Plai tisa zikiwepo, bado hujajua kama kila moja ina denia 210 kweli. Hapo ndipo mizani inapoingia. Kipimo chepesi ni kupima mita 10 za uzi: 210/9 isogee gramu 2.3, 210/6 gramu 1.5 na kitu, 210/12 gramu 3.1. Mizani ya kawaida ya dukani haioni uzito huo, lakini Mwanza ni mji wa dhahabu na mizani ya sonara haiko mbali. Kama huwezi kukata uzi, pima bunda zima. Bunda la inchi 6, kina cha macho 26, urefu wa mita 90 ukiwa umevutwa, lina kama mita 4,680 za uzi ukiacha mafundo. Ongeza asilimia 10 hivi ya mafundo, unapata takribani kilo 1.2 kwa 210/9, gramu 800 kwa 210/6, na kilo 1.6 kwa 210/12. Bunda la 210/9 lenye kilo moja kamili limepunjwa mahali fulani, iwe denia, iwe macho, iwe urefu. Na hakikisha kama lebo inasema mita au yadi. Yadi 100 ni mita 91 na ushee, lakini yadi 90 ni mita 82 tu.

Kuna jambo ambalo hata wauzaji wazoefu hukosea. Kwa urefu ule ule uliovutwa na macho 26 yale yale, bunda la inchi 7 halina uzi mwingi kuliko la inchi 6. Kila safu ya uzi ina urefu wa bunda, na safu ni zile zile 52, mbili kwa kila jicho la kina. Tofauti pekee ni mafundo, na inchi 7 ina machache zaidi. Kwa hiyo "hii ni ghali kwa sababu ni inchi 7, ina uzi mwingi" si kweli. Inakupa kina kikubwa zaidi majini, na hiyo ndiyo thamani yake.

Tahadhari mbili kuhusu uzito. Nailoni hunywa unyevu, kama asilimia 4 ya uzito wake katika hewa ya kawaida, na kando ya ziwa wakati wa masika huzidi hapo, basi usigombane na mtu kwa gramu 30. Pia baadhi ya nyavu hupakwa gundi kiwandani ili mafundo yashike, na gundi ina uzito. Wavu unaokwaruza mkono kama karatasi una gundi nyingi. Loweka kipande kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kausha, pima tena.

Mafundo ndiyo yanayotenganisha wavu mzuri na wavu wa kutupa pesa, kuliko hata plai. Nailoni huteleza. Fundo lisipokazwa kwa joto wavu ukiwa umevutwa kiwandani, au lisiposhikwa na gundi ya kutosha, litatembea. Chora mstari wa kalamu ya wino juu ya fundo na nyuzi zake nne. Shika nyuzi mbili zinazopingana, vuta kwa nguvu mara kumi, geuza uvute zile nyingine mbili. Mstari ukikatika ukawa vipande visivyokutana, fundo limeteleza. Fanya hivyo kwenye mafundo matano sehemu tofauti za bunda, kwa sababu mashine hukosea upande mmoja tu na mwingine ukawa safi. Wavu unaoteleza hautakatika. Utakuwa na jicho moja kubwa na jirani yake dogo. Kubwa linapitisha sangara, dogo linakuletea kesi.

Kesi hiyo ni ya kweli. Kwa sangara, jicho chini ya inchi 6 ni haramu upande wa Tanzania, na sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Inchi 6 ni milimita 152.4, na viwanda vingi hupima kutoka katikati ya fundo hadi katikati ya fundo. Ukipima ndani ya jicho, unene wa fundo unakula milimita moja au mbili, na wavu ukishatumika mafundo hukaza zaidi na nailoni iliyolowa na kukauka hujikunja kidogo. Wavu uliokuwa inchi 6 kamili dukani unaweza kupungua chini ya hapo baada ya kazi. Pima hivi: lowesha kipande, nyoosha macho 10 kwa pamoja mkono wa kawaida bila kukaza kupita kiasi, gawanya kwa 10. Chagua bunda lenye ziada ya milimita tatu au nne. Ukiweza kununua 6½, lala usingizi.

Nguvu anayokutajia muuzaji ipokee kwa mashaka. Uzi mkavu wa 210/9 usio na fundo hushikilia kama kilo 14. Uwe umelowa na una fundo, hiyo ni kama kilo 9, na wavu siku zote umelowa na una mafundo. 210/6 hushuka kutoka kilo 9 hadi 6. Hakuna udanganyifu hapo, ni tabia ya nailoni: maji huilainisha na fundo huukunja uzi pale pale unapovutwa.

Na kweli ni nailoni? Kata kipande kidogo, kipake sabuni kitoe mapovu ya hewa, kitumbukize kwenye glasi ya maji. Kikielea ni polithini au polipropilini, rudisha bunda. Kikizama bado hujamaliza, maana poliesta nayo huzama, tena upesi zaidi. Choma ncha: nailoni huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu, moshi wake mweupe, poliesta hutoa moshi mweusi wenye masizi, polithini hunuka mshumaa. Poliesta si mbaya, hata inavumilia jua kuliko nailoni, ila hainyumbuki kama nailoni, na wavu wa kutega unahitaji kunyumbuka pale samaki anapojirusha.

Timba. Ni uzi mmoja mzima, haukusokotwa, unang'aa kama plastiki, bei yake nafuu. Umepigwa marufuku ziwani, na hata kama usingekuwa umepigwa marufuku, kwa kipimo cha uhandisi wa nguo ni bidhaa mbovu kwa kazi hii: fundo lake huteleza, kuushona ni adha, hivyo watu huutupa badala ya kuutengeneza, na ukipotea majini unaendelea kuua samaki wasio na wa kuwavuna. Anayekuuzia chini ya meza hatakuwepo siku ya doria.

Nyavu za dagaa ni mada nyingine, lakini neno moja. Siku hizi nyingi hufumwa bila mafundo, kwa mashine ya kufuma kama ya sweta. Hazikwaruzi dagaa, na hutumia uzi kidogo. Zikichanika, usishone jicho kwa jicho; kata mstatili, bandika kiraka cha aina ile ile. Tundu chini ya milimita 8 usinunue.

Kuvisha kamba ndiko kunakoharibu hata wavu mzuri. Bunda la mita 90 ulivishe kwenye kamba ya mita 45, yaani nusu. Kwa inchi 6, funga kila macho matatu kwenye nafasi ya sentimita 23. Kina cha macho 26 kikivutwa ni karibu mita 4, lakini kikishavishwa kwa nusu kinasimama mita 3.4 majini. Anayebana pesa ya maboya huvuta bunda hilo hilo kwenye kamba ya mita 60: wavu unakuwa mrefu, mfupi kwa kimo, macho yamekaza, na samaki akigonga hanaswi. Maboya nayo yahesabiwe vizuri. Kilo 1.2 ya nailoni ikiwa majini ina uzito wa gramu 150 hivi tu, kwa hiyo unabeba kamba ya chini na vizito vyake, siyo wavu. Kamba ya polipropilini huelea yenyewe. Ukiiweka chini, utahitaji vizito zaidi.

Kuanika nyavu juani kutwa ni desturi iliyorithiwa kutoka nyavu za pamba, ambazo zikibaki na unyevu huoza. Nailoni haiozi. Jua ndilo adui yake, na kadiri vijinyuzi vinavyokuwa vyembamba ndivyo jua linavyovila haraka. Suuza matope na magamba, kausha kivulini, funika.

Kwa mwanafunzi wa uhandisi wa nguo kutoka Kanda ya Ziwa anayesaka mada ya mradi wa mwisho, bunda la 210/9 lina kazi ya muhula mzima, na ni kitambaa cha kiufundi ambacho mtaani kinajulikana kuliko vyote. Kata sampuli kutoka mabunda matatu tofauti, zihifadhi kwenye nyuzi joto 20 na unyevu wa asilimia 65, pima nguvu ya jicho kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 1806, mkavu na uliolowa, kisha rudia baada ya kuziacha juani wiki kadhaa. Makosa ya kawaida maabara ni mawili: kushika uzi kwa taya zinazoukata, hivyo unapima taya badala ya uzi, na kuchukua sampuli zote kwenye ukingo. Ukingo wa bunda zuri huwa na safu ya uzi mnene zaidi, na matokeo yake yatakudanganya.

Huo ukingo mnunuzi naye auangalie. Safu ya juu na ya chini ikiwa ya uzi ule ule mwembamba, kamba itaikata kabla ya katikati kuchoka. Baadhi ya mabunda ya bei ya chini hayana ukingo kabisa, na kuuongeza kwa mkono ni siku nzima ya sindano.

Kuhusu huduma, maduka yanatofautiana sana. Duka linalofaa litakufungulia bunda, litakupa uzi wa kushonea wenye plai ile ile ya wavu, na halitakasirika ukitoa kiberiti. Ukiuziwa 210/12 ya kushonea wavu wa 210/6, kataa: kiraka kigumu huvuta macho jirani na huchanika pembeni yake. Gawanya bei ya kila bunda kwa gramu zake kabla ya kulinganisha maduka mawili. Mara nyingi lile lililoonekana ghali ndilo lenye uzi wote uliolipia.