Alaimenti mara mbili kwa Starlet yangu ya autokrosi, hapa Mbeya

Starlet hii naendea kazini wiki nzima, na Jumapili moja moja tunakutana wenzangu na mimi kwenye uwanja wa vumbi nje ya Uyole, tunapanga koni na kukimbia na saa, gari moja baada ya jingine. Kona zake ni fupi na zinafuatana, kwa hiyo kasoro ya miguu ya mbele haijifichi.

Langu lilianza kukataa kona za kulia. Kushoto linaingia vizuri. Kulia pua inaserereka moja kwa moja kwenye koni. Barabarani gari linanyooka lakini usukani umepinda. Tairi la mbele kushoto lilikuwa linaliwa ndani, na ukipitisha kiganja unahisi meno kama ya msumeno.

Gereji ya kwanza walilipandisha kwenye mashine ya kompyuta ya alaimenti, ile ya kupima matairi yanatazama wapi. Dakika 20, shilingi 30,000, karatasi yote kijani, yaani vipimo viko sawa. Kabla sijafika Mbalizi usukani umepinda tena. Nikarudi, wakapima, kijani tena. Iliniuma sana.

Fundi wa pili yuko Mwanjelwa, karakana ndogo isiyo na kibao. Kwanza aliniuliza gari naliendeshaje. Akasawazisha upepo, akapiga jeki, akaniambia, "Kaka, shika hapa," mkono wangu ukiwa kwenye tairodi, fimbo inayounganisha usukani na tairi, huku kijana wake akitikisa usukani. Nilisikia mchezo vidoleni, yaani imelegea. Kisha akaingiza mtaimbo kwenye bushi (mpira wa kiungo) ya wishboni ya kushoto, mkono wa chuma unaoshikilia tairi kwa chini, akaikandamiza kidogo, mpira ukafunguka mpasuko mrefu uliojaa vumbi jekundu. Hapo nikaelewa. Mashine ilipima gari lililosimama. Ukikata kulia uzito wote unalalia upande wa kushoto, bushi inasogea, na tairi linabadili mwelekeo.

Alibadilisha vyote viwili, tairodi na bushi, ndipo akavuta nyuzi pande zote mbili za gari na kupima ukingo wa mbele na wa nyuma wa kila rimu. Alinikalisha kwenye kiti cha dereva wakati anapima, kwa sababu mashindanoni uzito wangu unakuwa humo. Alipendekeza matairi ya mbele yatazame nje kidogo ili gari liwahi kuingia kona, ila akanionya kwamba kwenye lami litayumbayumba na kula tairi. Mimi huenda Makambako mara kwa mara, nikaomba yanyooke sawasawa. Kuhusu mlalo wa tairi, yaani linavyoinamia ndani au nje ukilitazama kwa mbele, alisema wazi: gari hili halina pa kuurekebishia kutoka kiwandani, hivyo kwa hilo hakunitoza hata senti.

Ni mtaratibu mno, nilipoteza siku nzima, na spea nilizifuata mwenyewe. Bado ningerudi kwake kesho. Jumapili iliyopita kona ya kulia iliingia kama ya kushoto, kwa matairi yaleyale. Ukienda, toa mizigo kwenye buti na uwahi kabla ya saa mbili asubuhi, maana anapokea magari mawili tu kwa siku.